Linux bila systemd: kushughulikia vitegemezi vya vifurushi bila kuuvuruga mfumo

#1 (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu unawahusu wale ambao tayari wanaendesha Linux isiyo na systemd (programu inayoamka ya kwanza na kusimamia huduma nyingine katika Linux nyingi), au wameshaamua kuhamia huko, na sasa wanakwama kila wanaposakinisha programu mpya kwa sababu kidhibiti cha vifurushi kinataka kuirudisha systemd kupitia mlango wa uani. Ubora au ubaya wa systemd yenyewe si mada yangu, kwa kuwa hoja hizo zimerudiwa tangu ilipotoka mwaka 2010 na sioni nitakachoongeza. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kile tunachokiita kwa mkato "utegemezi wa systemd" ni mambo matatu yaliyo mbalimbali: programu inayoshika nafasi ya mchakato namba 1, maktaba ambazo programu nyingine zimeunganishwa nazo, na huduma inayosimamia vikao vya watumiaji. Asiyeyatenganisha humaliza nguvu zake kwa lile lisilo na madhara, huku lenye madhara likipita mbele ya macho yake.

Kabla ya lolote, jiridhishe ni nini hasa kinachoendesha mashine yako:

cat /proc/1/comm

Ukiona neno "systemd", hujahama, hata kama umesakinisha OpenRC au runit (init nyingine, yaani programu za kuanzishia mfumo) pembeni. Ukiona "init" au "runit", uko upande mwingine, hata kama orodha ya vifurushi vyako ina majina kadhaa yanayoanza na neno systemd. Watu wengi hutazama orodha ya vifurushi badala ya kutazama mchakato namba 1, na hapo ndipo hofu isiyo na msingi inapoanzia.

Nitaanza na Debian na jamaa yake Devuan (Debian iliyoondolewa systemd), kwa kuwa huko ndiko mvutano ulipo mkubwa. Kamati ya kiufundi ya Debian iliichagua systemd kuwa chaguo-msingi mwezi Februari 2014, na Debian 8 ikatoka nayo mwaka 2015. Devuan ilitangazwa mwishoni mwa 2014 na toleo lake la kwanza likakamilika mwaka 2017. Haijengi upya vifurushi vyote, bali programu yake iitwayo amprolla huunganisha hazina ya Debian na vifurushi vichache vilivyorekebishwa, na sehemu kubwa ya unachopakua inatoka Debian kama ilivyo. Kwa hiyo vitegemezi vilivyoandikwa na watunzaji wa Debian vinakuhusu hata ukiwa Devuan.

Sasa tazameni jinsi mnyororo unavyojivuta. Kifurushi kiitwacho init katika Debian hakilazimishi systemd. Kinataka mojawapo ya systemd-sysv, sysvinit-core (ya sysvinit, init ya jadi) au runit-init. Ukiwa na sysvinit-core, sharti limetimia. Kisha unasakinisha programu ya kawaida ya eneokazi. Programu hiyo inahitaji polkit ili kuomba ruhusa za msimamizi, na polkit inahitaji "default-logind | logind", yaani huduma yoyote inayojua nani ameingia na ameketi mbele ya skrini ipi. Kama hakuna kilichosakinishwa kinachotimiza sharti hilo, apt, kidhibiti cha vifurushi cha Debian, hujaribu kwanza kilichotajwa mwanzo, na mtoaji wa default-logind ni libpam-systemd. Hicho nacho kinahitaji systemd-sysv, ambayo haiwezi kukaa pamoja na sysvinit-core. Matokeo yake ni kwamba umeomba programu ya kusoma picha, na apt inakuuliza kwa upole kama ungependa kubadilishiwa init ya mashine nzima. Ukibonyeza Y kwa mazoea, utakuja kuligundua jambo hilo siku ya kuwasha upya.

Dawa ina hatua mbili. Ya kwanza ni kuwa na mtoaji mwingine wa logind *kabla* ya kusakinisha eneokazi. Huyo ni elogind pamoja na libpam-elogind. elogind ni systemd-logind iliyokatwa kutoka systemd ili iweze kusimama peke yake. Kazi hiyo ilianza kwa mahitaji ya GNU Guix mwaka 2015, na baadaye watu wa Gentoo na wengineo wakaiendeleza. Ikishakuwepo, apt huona kwamba sharti la logind limeshatimizwa na haitafuti mwingine.

Hatua ya pili ni kuifungia systemd-sysv mlango ili hata ukikosea, apt ishindwe kwa sauti badala ya kufaulu kimya kimya. Tengeneza faili ndani ya saraka ya /etc/apt/preferences.d/ na uandike:

Package: systemd-sysv
Pin: release o=Debian
Pin-Priority: -1

Kipaumbele hasi kina maana kwamba toleo hilo halisakinishwi kamwe. (Ukiwa Devuan hazina yenyewe imeshaviondoa vifurushi hivyo, kwa hiyo faili hili ni la wale waliobaki Debian na sysvinit.) Kuanzia hapo, programu isiyo na njia nyingine itakupa ujumbe wa vitegemezi visivyotimizwa. Wengi huuchukia ujumbe huo, lakini kwangu ndio ujumbe wenye manufaa kuliko yote ambayo apt inaweza kukupa, kwa sababu unasimama mahali hasa ambapo uamuzi unahitajika.

Na kabla ya kusakinisha chochote kikubwa, fanya jaribio lisilogusa mfumo:

apt-get -s install jina-la-kifurushi | grep -E '^(Inst|Remv)'

Mistari inayoanza na Inst ni vitakavyoingia, na ile ya Remv ni vitakavyotoka. Soma ya Remv kwanza. Mstari unaosema "Remv sysvinit-core" ni sababu tosha ya kuacha kila kitu na kuuliza ni nani aliyemwita mgeni. Jibu la swali hilo utalipata kwa aptitude:

aptitude why jina-la-kifurushi systemd-sysv

Amri hii hukupa mnyororo mzima kutoka kifurushi ulichokitaka hadi kile usichokitaka, kiungo kwa kiungo, na inaonyesha kama kiungo ni Depends au Recommends. Tofauti hiyo ni kubwa. Depends ni sharti; Recommends ni pendekezo ambalo apt huliheshimu kama sharti isipokuwa umeiambia vinginevyo. Katika mifumo isiyo na systemd, sehemu kubwa ya wageni wasioalikwa huingia kwa Recommends, na chaguo la --no-install-recommends huwazuia. Hata hivyo sishauri kuzima mapendekezo kwa mfumo mzima bila kusoma, kwa kuwa utakosa pia vitu unavyovihitaji, kama vyeti vya usalama vya ca-certificates ambavyo programu nyingi za mtandao huvipendekeza tu.

Kuna mtego mwingine mdogo unaostahili kutajwa. Vifurushi vingi vya siku hizi haviundi tena watumiaji wa huduma kwa skripti zao wenyewe, bali huacha faili la maelezo lisomwe na systemd-sysusers, na saraka za muda huachiwa systemd-tmpfiles. Jina linatisha, lakini zana hizo mbili hazihitaji systemd iwe inaendesha mashine. Debian inazo katika vifurushi vinavyojitegemea, systemd-standalone-sysusers na systemd-standalone-tmpfiles, na vitegemezi huwa vimeandikwa kwa namna inayokubali mojawapo. Zisakinishe mapema na usahau habari zake.

Maswali yanakaribishwa.

#2

Mkuu, shukrani kwa maelezo yaliyopangika. Mimi nimefuata njia ya elogind na inafanya kazi, ila kuna jambo linalonikera. Nikiandika "apt-cache rdepends --installed libsystemd0" napata orodha ndefu ya vifurushi, na nikijaribu kuiondoa libsystemd0, apt inataka kuondoa karibu nusu ya mfumo. Nimesoma mahali kwamba naweza kutengeneza kifurushi bandia kwa equivs chenye jina hilo ili kuidanganya apt. Je, kuna ubaya?

#3 (mleta mada)

Mkuu, ubaya upo, na ni mkubwa kuliko faida. equivs hutengeneza kifurushi kisicho na kitu ndani ila jina na namba ya toleo. Apt itaridhika, kwa kuwa apt husoma majina. Anayesoma faili halisi ni kipakizi cha maktaba (ld.so), si apt, naye atatafuta libsystemd.so.0 kila programu iliyounganishwa nayo inapoanza. Asipoiona, programu haianzi kabisa. Jaribu kuitazama programu yoyote kati ya hizo kwa amri hii:

readelf -d /njia/ya/programu | grep NEEDED

Kila mstari wa NEEDED ni faili linalodaiwa na programu yenyewe, na hakuna udanganyifu wa majina unaoweza kulifuta deni hilo. equivs inafaa pale ambapo kitu chenyewe unacho kwa njia nyingine, kwa mfano umekijenga kutoka msimbo chanzo, na unataka apt ijue hivyo.

Sasa tuulize libsystemd0 inafanya nini kwenye mashine yako. Kwa huduma nyingi, imeunganishwa kwa ajili ya sd_notify, ambayo ni njia ya huduma kumwambia msimamizi wake kwamba iko tayari. Kazi yenyewe ni kutuma maneno machache, READY=1, kwenye soketi ambayo anwani yake imewekwa katika kigeu kiitwacho NOTIFY_SOCKET. Chini ya sysvinit kigeu hicho hakipo, na sd_notify hurudi bila kufanya chochote. Kwa maana hiyo maktaba hiyo imelala. Haianzishi huduma na haishiki mchakato namba 1.

Nasema hivyo huku nikikiri kwamba kuna hoja nzito upande wa pili, na mwaka 2024 ilijidhihirisha. Tarehe 29 Machi mwaka huo, mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz (programu ya kubana data, yenye maktaba iitwayo liblzma) yalikuwa na mlango wa siri uliolenga sshd, huduma ya OpenSSH ya kuingia kwenye mashine kwa mbali. OpenSSH yenyewe haitumii liblzma. Lakini distro (aina za Linux) kadhaa, Debian ikiwemo, zilikuwa zimeweka kiraka chao kinachoiunganisha sshd na libsystemd kwa ajili ya hiyo READY=1, na libsystemd kwa upande wake ilikuwa imeunganishwa na liblzma kwa ajili ya kubana kumbukumbu za matukio za systemd (journal). Kwa ujumbe wa herufi chache, sshd ikabeba mzigo wa maktaba ambayo haikuwa na kazi nayo hata kidogo. Matoleo thabiti ya Debian hayakuguswa, kwa kuwa xz hiyo ilikuwa bado iko katika matawi ya majaribio.

Kilichofuata ndicho cha kuzingatia. OpenSSH 9.8, iliyotoka Julai 2024, ilijiandikia msimbo wake mfupi wa kutuma ujumbe huo bila libsystemd, na systemd nayo ikaanza kuzipakia maktaba kama liblzma pale tu zinapohitajika. Kwa hiyo anayetaka kupunguza utegemezi huu afanye kazi hiyo kwenye chanzo: aombe programu ijengwe bila libsystemd, au atumie distro inayojenga hivyo tangu mwanzo. Kuidanganya apt hakupunguzi chochote. Tahadhari moja kwa wanaopenda kutumia ldd (amri ya kuorodhesha maktaba za programu): maktaba inayopakiwa wakati wa kazi, kwa njia ya dlopen, haionekani kwenye ldd wala kwenye NEEDED, hivyo orodha tupu haimaanishi kwamba hakuna utegemezi.

#4

Naomba niongezee kwa wale wasiotumia apt, kwa sababu mambo mengi yaliyoelezwa hapo juu ni maumivu ya distro iliyojengwa kwa ajili ya systemd na kisha ikavuliwa. Palipoanza bila systemd, sura ni tofauti.

Alpine, kwa mfano, huweka orodha ya vifurushi ulivyoviomba wewe mwenyewe katika faili la maandishi, /etc/apk/world. Kila kisichokuwa kwenye orodha hiyo na kisichohitajiwa na kilichomo, apk hukiondoa. Ukitaka kujua unawajibika kwa nini katika mashine, unasoma faili moja. Skripti za OpenRC nazo zimetengwa katika vifurushi vidogo: nginx ina kifurushi chake, na nginx-openrc ina chake, na hicho cha pili hujisakinisha chenyewe pale tu nginx na OpenRC vyote viwili vinapokuwepo. Kwa maoni yangu huo ndio mpango safi zaidi wa kutenganisha programu na init yake, na ndiyo sababu Alpine hiyohiyo hutumika ndani ya kontena bila kubeba skripti ambazo hazitaendeshwa kamwe. Artix inakwenda kwa wazo linalokaribiana, ambapo utaona cronie-openrc, cronie-runit na kadhalika, na ni juu yako kukumbuka kuchagua kinacholingana na init yako.

Void, yenye runit, ina xbps, ambayo haiangalii majina ya vifurushi pekee bali pia maktaba ambazo kila kifurushi kinazidai. Ukijaribu kusakinisha kifurushi kipya juu ya mfumo uliokaa muda mrefu bila kusasishwa, itagoma na kutaja maktaba isiyopatikana. Hilo si kosa la hazina. Sasisha mfumo wote kwanza kwa xbps-install -Su, ndipo uendelee. Vifurushi yatima huondolewa kwa xbps-remove -o, na kuuliza nani anakihitaji kifurushi fulani ni xbps-query -X.

Gentoo inakwenda mbali zaidi kwa sababu utegemezi wenyewe ni uamuzi wako. Ukiweka USE="-systemd elogind", programu hujengwa bila kuunganishwa na libsystemd, na deni lile la NEEDED halizaliwi. Gharama yake ni muda wa kujenga. Ukibadilisha bendera hizo, endesha emerge --ask --changed-use --deep @world, na baada ya hapo tu ndipo uite --depclean, la sivyo utaondoa maktaba ambazo programu za zamani bado zinazidai. Msishtuke kukuta sys-apps/systemd-utils katika mfumo wa OpenRC, kwa maana humo ndimo inamotoka udev, inayosimamia vifaa vya mashine. Msimbo wa udev uliingizwa ndani ya systemd mwaka 2012, na eudev, iliyozaliwa Gentoo kama tawi lake, sasa inatunzwa na watu wa distro nyingine.

Slackware naiacha kwa sentensi moja: zana zake hazitatui vitegemezi hata kidogo, na njia inayopendekezwa ni kusakinisha mfumo mzima ili kila maktaba iwepo.

#5

Nashukuruni wote. Mimi nina maswali mawili. La kwanza, je, GNOME (mojawapo ya mazingira ya eneokazi) bado inawezekana? La pili, nimesakinisha huduma inayohitaji hifadhidata, vifurushi vyote vipo na apt haina malalamiko, lakini mashine ikiwaka huduma hiyo inakufa kwa sababu hifadhidata haijaamka. Je, hilo nalo ni tatizo la vitegemezi vya vifurushi?

#6 (mleta mada)

Kuhusu GNOME, jibu langu ni kwamba anayepanga kuishi muda mrefu bila systemd asijenge juu yake. Mwaka 2025 wasanidi wake walitangaza kwamba wanaondoa kisimamizi cha huduma kilichokuwa ndani ya gnome-session na kuiachia kazi hiyo systemd, na kwamba GDM (skrini yake ya kuingilia) itaitegemea systemd pia kwa usimamizi wa akaunti za watumiaji. elogind haitoi vitu hivyo viwili. Wapo watakaoandika viraka, na nawaheshimu, lakini kila toleo jipya litawadai upya. Xfce na LXQt hazina deni la namna hiyo. Kwa wanaotumia sway na nyingine zilizojengwa juu ya wlroots, hata elogind si lazima, kwa sababu seatd inatosha kuwapa ruhusa ya skrini na kibodi.

Swali la pili ni zuri, na jibu ni hapana. Kidhibiti cha vifurushi kinahakikisha kwamba faili zipo kwenye diski; hakijui lolote kuhusu nani anaamka kabla ya nani. Mpangilio huo unaandikwa katika skripti za init, na kila init ina namna yake. Kwenye sysvinit ni mistari ya Required-Start iliyo juu ya skripti, ambayo insserv huisoma ili kupanga foleni. Kwenye OpenRC ni kazi (function) iitwayo depend, ambamo "need" ni sharti, "use" ni tamaa, na "after" ni mpangilio tu usiolazimisha:

depend() {
    need net postgresql
    after firewall
}

runit haina vitegemezi vya huduma kabisa, na hilo ni kwa makusudi. Ndani ya skripti ya run unaweka mstari unaouliza, na ukipata jibu baya unatoka:

sv check postgresql >/dev/null || exit 1

Msimamizi wake, runsv, huianzisha huduma tena baada ya sekunde moja, na hurudia hivyo mpaka hifadhidata iwe imeamka. Wanaotoka systemd huona njia hii ni ya kishamba, lakini ina uaminifu fulani, kwa sababu inajaribu hali halisi ya sasa badala ya kuamini mpangilio uliochorwa kabla. Iwapo unataka vitegemezi vilivyoandikwa rasmi bila systemd, s6-rc na dinit zinavyo.

Kabla ya kuandika skripti yako mwenyewe, angalia kama huduma ina skripti yoyote. Watunzaji wa Debian wanaruhusiwa kuacha kuziandika, hasa baada ya kura ya Desemba 2019 iliyoiweka systemd mbele huku ikikubali njia nyingine ziendelee kuchunguzwa, na vifurushi vingi vimeziondoa. Nyingi kati ya zilizoondolewa zimekusanywa katika kifurushi kiitwacho orphan-sysvinit-scripts. Ukikisakinisha, tazama tena /etc/init.d; kama jina la huduma yako limo, kazi iliyobaki ni kuhakikisha mstari wake wa Required-Start unaitaja hifadhidata. Ukiurekebisha, iondoe huduma kwenye foleni kwa update-rc.d na amri ya remove, kisha irudishe kwa defaults, ili namba za kuanzia zihesabiwe upya.